Jani la Hana

“Tafuna. Meza. Haya, fungua mdomo nione.”

Hana, msichana mdogo aliyefuatana na muuza mboga, alifungua mdomo. Aneth akachungulia mpaka chini ya ulimi, ndipo akapokea fungu la mchicha.

Hivyo ndivyo alivyonunua mboga kila Jumanne, mlangoni kwake Area D. Jani la Hana kuonja alilichomoa mwenyewe katikati ya fungu, na halikuoshwa. Daktari alimwambia wazi: ini la mwanawe Jordan limechoka, mboga zilizopigwa dawa ya wadudu zitammaliza mtoto. Na tangu biashara iachiwe huru, dawa hizo ziliuzwa kila duka, rafu moja na chumvi na viberiti. Watu walipiga asubuhi, jioni wakavuna.

Aneth alikuwa karani. Mumewe alikuwa amepunguzwa kazini. Aliacha nyama, akaacha sukari, ili amlipe Ruthu, muuza mboga huyo, mara mbili ya bei ya sokoni.

“Mpaka leo huniamini, mama Jordan?” Ruthu aliuliza, akijitwika beseni.

“Nikuamini kwa lipi? Namwamini huyu mtoto. Hakuna mama wa kumlisha mwanawe sumu.”

“Hapo umesema kweli.”

Hana alikuwa amechuchumaa, mikono tumboni.

“Mbona hasemi huyu?”

“Aibu tu.”

Miezi mitatu ikapita. Jordan hakupata nafuu, macho yakazidi kuwa manjano. Aneth akampunguzia ugali, akamwongezea mboga.

Jumanne moja Ruthu hakutokea. Jordan hakuwa na cha kula, kwa hiyo Aneth akachukua kikapu, akaenda mwenyewe mtaa wa Nkuhungu, nyumbani kwa Ruthu.

Uani alikuta wasichana wawili, sura ya Ruthu kabisa, wanakula ugali wa uwele kwa mlenda mkavu. Nyuma yao mchicha umestawi mpaka magotini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mchicha wote huu, nyie mnakula mlenda wa kukausha?”

“Mama anatukataza. Tukichuma hata jani anatuchapa.”

Aneth akaweka kikapu chini. “Dada yenu Hana yuko wapi?”

“Hana si dada yetu. Mama alimchukua kijijini, kwa watu. Amemrudisha, alikuwa anatapika sana.” Mkubwa akalamba vidole. “Ameenda kutafuta mwingine.”