Bado Sijaelewa

Siku hizi hakuna mkufunzi anayestaafu mpaka kila aliyemfundisha aandike "nimeelewa" kwenye daftari lake la tafakuri. Ndiyo maana kila Ijumaa Sista Kokushubira, aliyenizaba kofi mbele ya wodi nzima kwa sababu ya sindano niliyoidondosha, huja kubisha hodi kwangu. Ana miaka sabini na minne.

"Niandikie basi, mwanangu. Magoti hayanibebi tena."

Namwongezea chai, naandika huku nikimsomea: "Nimelitafakari tena lile kofi. Bado sijaelewa."

Anajikokota kwenda zamu.

Binti yangu, niliyemfundisha uuguzi mimi mwenyewe, anakusanya vikombe.

"Na wewe, daftari lako unaliandika?" namuuliza.

"Kila Ijumaa, mama," anajibu bila kunitazama. "Vilevile unavyoandika wewe."