Agenda ya Tatu

Siku hizi kila kivinjari cha kazini kinamtambua mwenyewe kwa macho. Yeye akisoma habari za mpira, wengine wote wanaona kumbukumbu za kikao. Simu za nyumbani nazo zimeshawekewa kivinjari hicho, na kumuuliza mtu anasoma nini ni kukosa adabu.

Jumapili baada ya chakula, Nakijwa alimkuta mumewe sebuleni, simu mkononi, machozi yakimtiririka. Akachungulia begani kwake. Kioo kilimwonyesha: “Agenda ya tatu: matengenezo ya jenereta.”

“Baba Elinami, kuna nini?”

“Kazi tu, mama Elinami. Kikao kilikuwa kirefu.”

Alimpapasa mgongoni, maana hakujua amfariji kwa lipi. Kisha akaketi kando yake, akafungua simu yake na kuandika: Mume analia na hataki kusema, nifanye nini? Majibu yalikuja mengi, akaanza kuyasoma moja moja.

Mumewe alijifuta uso kwa kiganja, akaitupia jicho simu ya mkewe.

“Kumbe hata kazini kwenu jenereta imekufa,” alisema.

“Imekufa,” Nakijwa alijibu. “Tunatafuta fundi.”