Mkuu wa Nyasi

Mnana, bingwa wa kusuka viota, alimwajiri Chiriku, mhitimu aliyetoka chuo cha ususi juzi tu. Siku ya kwanza Chiriku aliuliza maswali mia. Mwezi wa tatu alikuwa kimya kabisa. Analeta nyasi, anarudi kuleta nyasi.

Chiriku kimya? Mnana aliingiwa na hofu: kijana anamponyoka! Akamwongezea mtama, Chiriku akanenepa. Akampa cheo, Mkuu wa Nyasi, Chiriku akapiga miayo.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Mlango, fundi. Niachie mlango mmoja tu."

"Mlango nasuka mimi! Ukikosea, nyoka anaingia."

Asubuhi moja nyigu alimuuma Mnana mguuni, mguu ukavimba, na fundi hasuki kwa mguu mmoja. Mkewe alikuwa karibu kutaga, na kiota hakina mlango.

"Haya, suka," Mnana akasema, macho kayafumba.

Chiriku akasuka mlango mrefu kama mkono wa kanzu, unaning'inia juu ya bwawa. Kesho yake, hata jua halijapanda, nyoka Ukukwi huyo! Akateremka, akafika nchani, akajipinda aingie, akateleza, chubwi majini!

Mnana akashangilia mpaka mguu akausahau. "Nikupe nini, Chiriku? Mtama? Likizo?"

"Fundi, nikiurefusha zaidi je? Na mvua ikija? Na kile kiota cha pili, tukianza leo?"

Mnana alikwisha ruka, na mguu wake mmoja, kwenda kumletea nyasi.