Springi za Nyuma

Hivi wewe, mjukuu wangu, umewahi kulionea gari wivu? Mama Eveline wa Ifakara alilionea. Tangu Pasaka mumewe alikuwa akishinda chini ya gari lake kuukuu la mashindano, akibadilisha springi na shokapu za nyuma, akizifuta taratibu kama anayemfuta mtoto mchanga.

"Njoo ukae hapa nyuma," alimwita, "nione zinavyobonyea."

Akakaa juu ya buti. Gari likashuka polepole, likapanda tena bila kumtikisa. Mumewe, ameinama, akalichekea gurudumu.

"Umeona? Sasa hata barabara ya Mlimba haitaliumiza mgongo."

Mama Eveline akajishika nyonga.

"Miaka kumi na tisa unanibeba kwenye keria ya baiskeli, Baba Eveline. Chuma kitupu. Nilitaka uniwekee mto tu."