Kupanda Cheo

Mkurugenzi alimwita Mwatime, mtakwimu wa idara ya kilimo, akampa habari njema.

“Kuanzia kesho wewe ni mkuu wa utawala. Mshahara karibu mara mbili.”

“Na makadirio ya mavuno, Mkurugenzi?”

“Bi Mwatime, hapa hesabu hazimpandishi mtu cheo.”

Hilo alilijua tangu zamani. Alimkumbuka mama yake na dawa za figo, akashukuru kwa sauti ya uchovu.

Fungo, mhudumu wa ofisi, alimkuta akifungasha vitabu. Ukutani, ubao ulikuwa umejaa hesabu ya mahindi ya mwakani, ambayo bado haikuwa na jibu.

“Niufute, mama?”

“Anzia juu,” alisema Mwatime, akainama kwenye sehemu ya chini ya ubao na kipande cha chaki mkononi, akaendelea na hesabu.