Ya Esansi au ya Mazutu

Mwanahamisi hakuliweka furushi lake chini hata alipoinama kuchungulia uvungu wa pikap. Alilibana kwapani, kitenge kimepigwa mafundo mawili, na kwa jinsi bega lilivyoinama, lilikuwa zito. Faustin aliliona hilo tangu mama huyo alipoingia uani kwake.

Faustin na Léon waliuza magari yaliyokwisha tumika, ua kwa ua, ng'ambo ya daraja la Tshopo, na walichukiana kama wake wenza. Faustin alikuwa na beji ya Chama kifuani na pikap ya esansi, ndivyo tunavyoita petroli huku. Léon alikuwa na ya mazutu, yaani dizeli. Zote mbili kubwa, zote zina ndoano nyuma ya kukokotea mizigo.

Jumatatu mjane huyu alikuwa amewajia kwa adabu zake zote. Lori la marehemu mumewe, Alfani, lilikuwa limezimika na kuzama topeni kwenye njia ya Yangambi, na mpunga wa watu ndani. Tangazo la zone, yaani wilaya, halikuwa na mzaha: gari litakalokutwa barabarani Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha njia, ni mali ya Serikali. Akaomba wamkodishe pikap moja ya kulivuta.

Faustin alicheka hadi beji ikatikisika. "Tunauzisha, mama, hatukodishe. Na mwanamuke anafanya nini na lori? Acha Serikali ibebe. Weye uzisha pondu."

Léon, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikubaliana na Faustin.

Mwanahamisi alirudi nyumbani na hasira. Lori lile lilisomesha watoto wanne. Miaka kumi na miwili alikaa ndani yake ubavuni mwa Alfani, akapakia, akasukuma, akalala chali chini yake akishika taa na kupokeza spana. Leo aambiwe auze kisamvu!

Sasa ilikuwa Alhamisi, na alirudi na furushi.

"Nimekuya kuangalia gari ya kuvuta," alisema.

Furushi lilinuka mafuta ya taa. Faustin akatabasamu peke yake. Bibi yake mwenyewe alikuwa akificha noti ndani ya bidoni kuukuu la mafuta ya taa, mende wasizitafune. Akamfungulia mama mlango wa pikap kama anamfungulia gavana.

"Yangu iko ya esansi, citoyenne. Asubuhi unageuza funguo mara moja tu, inawaka. Mazutu iko ya wazee. Inakohoa, inatoa moshi, inakuchelewesha."

"Inakohoa lakini inavuta!" Léon alidakia kutoka upande wa pili wa ua. "Ile ya kwake inakunywa kama mulevi. Na kwa mulima inalia."

Mwanahamisi aliomba injini zote mbili ziwashwe. Akazisikiliza moja baada ya nyingine, sikio karibu na boneti, bila haraka. Wale wawili walikuwa wakitazama furushi, si yeye.

"Bon," alisema. "Mudomo haivute kitu. Lori yangu iko kule kwa matope. Gari yenye itaitoa, ile ndiyo iko na nguvu."

Léon alisita. "Iko mbali, mama. Na mafuta?"

Mwanahamisi alipapasa fundo la kitenge kwa kidole. "Kama unaogopa, papa Léon, tuache."

Kuogopa? Mbele ya Faustin? Pikap mbili zikashika njia ya Yangambi zikipigiana honi, mjane ameketi mbele kwa Faustin, furushi magotini.

Lori lilikuwa limezama hadi ekseli. Faustin alifunga mnyororo kwanza, akakanyaga. Injini ya esansi ikanguruma msitu mzima ukasikia, magurudumu yakazunguka palepale, na tope likaruka hadi kwenye kola ya abakosti yake, ile suti ya watu wa Chama. Wanawake waliokuwa wakirudi shambani walitua vikapu vyao ili wacheke vizuri. Mara tatu alijaribu, mara tatu lori likamtazama tu.

Léon aliingiza gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Mwenda pole hajikwai. Pikap ya mazutu ilitetemeka, ikatoa moshi mweusi, ikasogea unyayo mmoja, kisha wa pili. Tope likaliachia lori kwa shingo upande. Dakika kumi baadaye lilisimama juu ya udongo mwekundu mkavu, matairi yote manne wazi machoni pa watu, na wale wanawake wakapiga vigelegele.

"Umeona?" Léon alijifuta jasho. "Umeona, Faustin?"

"Mimi nilikwisha kuilegeza!" Faustin alifoka.

Wakabishana kidogo, wakachoka. Kisha wote wawili wakamgeukia mjane, sauti zimekuwa asali.

"Alors, mama," Léon aliuliza, "unachagua ya esansi ao ya mazutu?"

Mwanahamisi alipiga magoti kando ya njia, akafungua fundo la kwanza, halafu la pili. Léon na Faustin wakasogea karibu mpaka mabega yao yakagusana.

Ndani ya kitenge mlikuwa na spana mbili na pampu ya mafuta ya lori, ile iliyoziba akaifungua mwenyewe Jumatatu, imesuguliwa kwa mafuta ya taa hadi inang'aa. Akapanda kwenye bampa, akafunua boneti, akaifunga mahali pake, akapiga pampu kwa mkono mpaka hewa yote ikatoka. Halafu akapanda kwenye kiti cha Alfani. Lori lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka.

"Ya mazutu, papa Léon," aliita kutoka dirishani, akiingiza gia. "Na niko nayo tayari."