Madawati Yenye Wenyewe

Jina la Helena halikuwapo. Mama yake, Hana, aliipitia karatasi iliyobandikwa getini kwa mara ya tatu, kidole kikishuka kutoka jina hadi jina, polepole, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima. Watahiniwa walikuwa thelathini. Alisoma mpaka wa thelathini, akarudi juu.

"Mama, hata ukiisoma kichwa chini miguu juu, majina ni yaleyale," mlinzi wa geti la bluu alimwambia. "Sogea, wenye majina wapite."

"Mwanangu hana jina? Si sare yenu hiyo aliyovaa?"

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Saa mbili kamili mtihani wa darasa la saba ungeanza, na mtoto ambaye hangekuwa kwenye dawati lake angeandikwa kuwa hakufika. Helena alisimama kando, akiitafuna penseli.

"Mayu, labda ni ule mtihani wa majaribio wa kwanza," alimnong'oneza mama yake. "Hisabati nilipata kumi na moja."

"Nyamaza. Shule iliyoshika nafasi ya kwanza haiwezi kupoteza jina la mtu."

Alilisema kwa sauti kubwa ili alisikie yeye mwenyewe. Maana ni yeye aliyemhamisha.

Alipoanza kusoma bila kusaidiwa, kitu cha kwanza alichokisoma chote kilikuwa orodha ya shule kwenye ubao wa ofisi ya kata. Shule hii ya mjini ilikuwa ya kwanza. Shule ya kitongojini kwao, upande wa Kasokola, ilikuwa ya mwisho. Januari ya mwaka huu alikwenda kwa mwalimu mkuu wa huko, Mwalimu Sylvanus, kuomba uhamisho.

"Mwaka jana watoto arobaini na mmoja walifanya mtihani, nusu yao wakaanguka," alimwambia. "Nimesoma mwenyewe, Mwalimu. Sikusimuliwa."

"Umesoma vizuri, Mama Helena," mzee yule alijibu, na uso wake ulionyesha furaha ya kweli. Hakujitetea, na hilo ndilo lililomkera Hana zaidi.

Darasa lake la saba la mwaka huu lilikuwa na watoto ishirini na wawili tu. Nyuma yao madawati mengine yalikuwa yamepangwa ukutani, matupu, yamesuguliwa yakatakata. Hana alivuta moja akae wakati akisubiri barua.

"Usilikalie hilo, mama. Yana wenyewe."

"Wenyewe wako wapi? Si wamewakimbia!"

Mwalimu Sylvanus aligonga muhuri. "Hapa hatujawahi kumfukuza mtoto," alisema tu, akampa barua. Juma lile Mwandu, mumewe Hana, aliuza mtamba wake mmoja, na Helena akavaa sare ya bluu.

"Wale ambao hamjaona majina yenu, huku!"

Aliyeita pale getini asubuhi hii alikuwa Mwalimu Gabrieli, mwalimu wa taaluma wa shule ya mjini, akitokea nyuma ya jiko la shule, ambako pikapu ilikuwa ikiunguruma. "Nyie mna kituo kingine. Pandeni haraka!"

"Kituo gani?" Hana aliuliza. "Mbona wazazi hatukuambiwa?"

"Mama, tukibishana hapa saa mbili itatukuta hapa hapa. Unataka mtoto afanye mtihani, au unataka majibu?"

Hana alimpandisha Helena, naye akarukia juu kabla hajazuiwa. Watoto walibanana kama magunia ya mpunga. Baadhi yao aliwatambua: ni wale waliokuwa wakibakizwa jioni pamoja na Helena kwa masomo ya ziada.

Pikapu ilikatiza sokoni Kashaulili, ikaiacha lami, ikaingia vumbini. Rula ya binti mmoja ilichomoka ikaangukia barabarani. Alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyethubutu kuomba gari lisimame. Hana aliikodolea macho saa ya mtoto aliyekaa mbele yake. Saa mbili kasoro robo. Saa mbili kasoro kumi. Aliushika mkono wa Helena, akafumba macho, akaomba kituo hicho kiwe karibu, kiwe popote, ili mradi kalamu ya mwanawe iguse karatasi.

Gari lilizama katika korongo, likapanda, likayumba kushoto. Korongo lile miguu yake ililijua hata macho yakiwa yamefumbwa. Alipoyafumbua, pikapu ilikuwa imekwisha kusimama.

Mwalimu Sylvanus alikuwa mlangoni pa darasa la saba. Nyuma yake, yale madawati yalikuwa yameondolewa ukutani na kupangwa kwa mistari, kila moja likiwa limebandikwa namba ya mtahiniwa. Alimshika Helena mkono, akampeleka kwenye lake, akarudi kumchukua mwingine, na mwingine, mpaka yakajaa yote.

Ndipo alipoitazama saa yake, akamgeukia Mwalimu Gabrieli aliyekuwa bado ameketi karibu na dereva.

"Mmenitia wasiwasi," alisema. "Mwaka jana mliwaleta mapema."